Nge Jike wa Bibi Efrazia

Rangwi,
4 Machi 2024

Kwa Muuguzi Jesca,
Zahanati ya shamba la mkonge,
Mazinde.

YAH: OMBI LA KUJAZIWA UKURASA WA NGE

Mwanangu Jesca,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Mimi ni Mwalimu Alphonce, niliyekufundisha sayansi darasa la tano na la sita hapa Rangwi. Nimestaafu miaka kumi na moja sasa. Afya yangu ni njema, isipokuwa magoti.

Mwalimu Loyce, ambaye sasa ndiye mkuu wa shule yetu, ameniomba nitunge kijitabu kidogo cha viumbe wa milimani na bondeni, watoto wasome kwa Kiswahili chepesi. Kinyonga nimemaliza. Chura, bundi na nyoka nimemaliza. Nge amenishinda. Nimeandika makao yake, chakula chake na huduma ya kwanza kwa mtu aliyeumwa, lakini sehemu ya tofauti za mwili kati ya dume na jike nimeiacha wazi.

Mwalimu Loyce ndiye aliyeniambia kwamba huko chini wewe unawafundisha wakata mkonge habari za nge, na kwamba wanakusikiliza. Nakuomba basi uijaze sehemu hiyo kwa mkono wako. Ningeweza kupiga simu, ila jambo la kitabuni linataka maandishi. Barua nimempa Edgar, kondakta wa basi la asubuhi. Nawe ukimpa jibu litanifikia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwl. Alphonce


Mazinde,
17 Machi 2024

Mwalimu Alphonce,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Pole na magoti.

Kuhusu nge, naandika kama ninavyowaeleza watu wangu hapa.

Kwanza, mwili. Jike ni mpana na mzito, tumbo limejaa pande zote. Dume ni mwembamba, na kwa aina nyingi mkia wake ni mrefu zaidi ukiulinganisha na mwili. Ndiyo maana watu wakiwaona wawili pamoja hudhani yule mkubwa ni dume.

Pili, magando. Kwa baadhi ya aina, gando la dume lina umbo tofauti, ama refu zaidi, ama lenye kibonyeo. Wakati wa kupandana humkamata jike magando na kumvuta mbele na nyuma, mtu angesema wanacheza ngoma.

Lakini ukubwa na magando vinaweza kukudanganya. Jike mwenye njaa hukonda, na nge mchanga hajulikani kwa umbo. Alama ya kuaminika iko chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma. Hapo pana viungo viwili vilivyo kama vichana vya nywele. Vya dume ni vikubwa na meno yake ni marefu, mara nyingi mengi zaidi, kwa kuwa anavitumia kunusa ardhi akimtafuta jike. Vya jike ni vifupi. Usiwaruhusu watoto wamgeuze nge kwa mkono. Sisi tunamtia kwenye chupa ya kioo, tunamtazama kwa chini.

Mwisho, nge aliyebeba watoto mgongoni ni jike, hilo halina mjadala. Watoto huzaliwa hai, weupe, wakapanda mgongoni kwa mama na kukaa huko mpaka wajivue ngozi mara ya kwanza.

Habari ya vichana niliisoma ukubwani. Ya mwili na ya watoto niliambiwa nyumbani kabla sijafikisha miaka kumi.

Naomba kuuliza, mwalimu. Katika wanafunzi wote uliowafundisha, mimi unanikumbuka kwa lipi?

Jesca


Rangwi,
25 Machi 2024

Mwanangu Jesca,

Marahaba. Nakushukuru sana. Umeandika vizuri kuliko ambavyo ningeandika mimi, na nimeyanakili yote bila kugusa neno. Ninakusudia kuweka jina lako ukurasa wa mbele, kwa shukrani.

Unauliza nakukumbuka kwa lipi. Nakukumbuka kwa mwandiko wako uliolala upande wa kulia, na kwa namna ulivyokuwa ukichora jani na mishipa yake yote. Ulikuwa mtoto mtulivu. Ulipoanza darasa la tano ulikuwa unauliza sana, halafu ukapunguza.

Na kwa kuwa umeniuliza, nikiri jambo. Zamani hizo sisi walimu wa mlimani tulikuwa na vitabu vichache, na mengine tuliyafundisha kwa kukisia. Huenda hata habari za nge niliwahi kuzikosea mbele yenu. Kama ndivyo, unisamehe. Mwalimu naye ni binadamu.

Ubarikiwe,
Mwl. Alphonce


Mazinde,
6 Aprili 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Umeandika "huenda". Basi nikukumbushe, kwa sababu mimi sijasahau.

Ilikuwa mwaka tisini na nane, siku ya Jumatatu, darasa la sita. Ulikuwa na nge wawili kwenye chupa ya kioo, mmoja mpana, mmoja mwembamba. Ukasema mpana ndiye dume, kwa sababu dume la kiumbe chochote lina nguvu. Wavulana wa nyuma wakapiga madawati wakisema mgoshi, mgoshi, jinsi tunavyomwita mwanamume kwa Kishambaa, nawe ukacheka nao. Nikanyoosha mkono nikasema mkubwa ni jike. Ukaniuliza nani kanifundisha. Nikasema Bibi Efrazia, bibi yangu, ambaye alikata mkonge huku chini miaka kumi na saba kabla ya kurudi mlimani.

Ukasema, "Haya. Mwulizeni Jesca, bibi yake alisomea nge chuo gani?"

Ukanisimamisha juu ya dawati, nikarudia "dume ni mkubwa" mpaka kengele ikalia. Tangu siku hiyo niliitwa Bibi Nge. Zabron, mmoja wa wavulana wale wa nyuma, ndiye aliyelianzisha jina hilo, na lilinifuata mpaka nilipomaliza la saba.

Hayo nilishayasamehe zamani, mwalimu. Hukujua. Mtu asiyejua simhesabii kosa kubwa, na hata leo hapa zahanati sijawahi kumkemea mtu kwa kutojua.

Lililobaki ni langu. Sijawahi kulisema, wala kwa padri. Kesho yake, Jumanne, nyumbani nililia nikamweleza Bibi kila kitu. Usiku huo hakulala nyumbani. Mama mdogo Perpetua alisema amekwenda kumwona mgonjwa. Jumatano mchana tukiwa kwenye usafi, tunafagia mbele ya ofisi, nikamwona anaingia getini na kopo mkononi, kanga imefungwa kiunoni, miguu peku. Zabron akasema, "Bibi Nge, bibi yako huyo." Wote wakageuka kunitazama.

Nikasema, "Simjui."

Alikuwa ameshafika karibu, hatua kama tano. Alinitazama, akapita. Baadaye kidogo akatoka na kopo tupu, akaenda zake. Sikujua kopo lilikuwa na nini. Nilidhani hukumruhusu hata kukaa. Aliishi miaka kumi na moja baada ya siku ile na hakuniuliza hata mara moja, nami sikuthubutu kumwambia. Kila nilipompelekea sukari au kitenge nilitaka kusema, nikashindwa, nikaongeza sukari.

Kwa hiyo usijisumbue sana na kosa lako. Lako lilikuwa la vitabu vichache.

Jesca


Mazinde,
19 Mei 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Wiki sita zimepita. Edgar anasema barabara ilikatika kwa mvua lakini sasa inapitika, na kwamba barua yangu alikukabidhi mkononi kabla ya mvua. Anasema uliisoma ukiwa umesimama pale stendi, ukakaa chini.

Je, unaumwa? Kama nilikuudhi kwa kukumbusha, niambie. Sikuwa na nia hiyo.

Jesca


Rangwi,
2 Juni 2024

Jesca,

Siumwi. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana.

Uliandika kwamba mtu asiyejua humhesabii kosa. Sentensi hiyo ndiyo iliyonikalisha chini pale stendi. Nilijua, Jesca. Jumatatu sikujua. Jumatano nilijua.

Bibi yako aliingia ofisini nikiwa peke yangu. Alilingana kwa umri na mama yangu mzazi. Sikumwamkia. Yeye ndiye aliyeanza, akasema habari za kazi mwalimu, nami nikamjibu nikiwa nimekaa, kalamu mkononi. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu ambalo huku juu hatuna. Alisema Jumanne jioni alishuka kwa miguu hadi Mazinde, akalala kwa mwenzake waliyekata naye mkonge, alfajiri wakatafuta chini ya mawe, kisha akapanda. Nilipomwuliza anataka nini akafungua kopo juu ya meza yangu.

Alikuwa nge mkubwa, mpana kama yule wangu wa darasani. Mgongoni amejaza watoto, weupe kama punje za mchele, wamepandana. Hapakuwa na cha kubishania. Hata hivyo bibi yako alichukua kijiti, akamwinua mama kidogo kwa upande, taratibu ili watoto wasianguke, akanionyesha chini ya tumbo. Akasema jike huwa hivi, dume huwa na manyoya marefu hapa. Alikuwa anasema vichana, ila hakuwa na neno lake. Mimi mwenye cheti cha ualimu sikuwahi kumtazama nge kwa chini.

Nikamwambia nimeona. Nikamwuliza anataka nimfanyie nini. Alisema maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwambie mtoto mbele ya wenzake kwamba alikuwa sahihi. Hapo nje ameona haya kunijua. Ukimsahihishia, atanijua tena."

Kwa hiyo alikusikia. Hakuja kukulaumu, na kwangu hakukulaumu. Wiki zote hizi nimebishana na nafsi yangu kama nikuandikie hilo au nikufiche, nikaona kwamba nimeshakuficha vya kutosha.

Nilimwahidi. Nilisema kesho asubuhi, mstarini. Akafurahi. Akamhamisha nge kwenye chupa yangu nyingine ya kioo ili watoto wote wamwone, akaniomba baadaye arudishwe porini, akachukua kopo lake akaondoka.

Ijumaa ya wiki ile alikuwa anakuja mkaguzi, na mimi nilikuwa natajwa kuwa mwalimu mkuu. Nilifikiri nikisimama mbele ya shule nzima kusema kwamba bibi wa mkonge amenisahihisha, habari itamfikia mkaguzi kabla hajashuka kwenye gari. Mezani palikuwa na chupa ya chai. Nilifungua kifuniko nikawamwagia maji ya moto, mama na watoto wake, kisha nikawatupa chooni. Wale wawili wa darasani niliwatupa pamoja nao ili swali lisirudi.

Bado kuna moja. Katika mtihani wa muhula niliuliza, nge mkubwa kwa mwili ni dume au jike? Nilitaka kujua utaandika nini. Uliandika "dume". Nilikuwekea alama ya vyema, na pembeni nikaandika "vizuri". Mkono wangu ulijua ninachofanya.

Ukuu wa shule nilipewa mwaka uliofuata. Bibi yako tulikutana mara nyingi kanisani, naye alinisalimia kila mara.

Sijui nimalizeje.

Alphonce


Mazinde,
9 Juni 2024

Mwalimu,

Nimesoma.

Jina langu usiliweke kwenye kitabu. Na la Bibi usiliweke kwa shukrani, maana mtu hushukuriwa kwa kitu alichotoa kikapokelewa.

Miaka ishirini na sita nimebeba "simjui" nikiamini kwamba sikuwa na njia ya kurudi. Kumbe alishuka mlima na kuupanda kunitafutia njia, ukaimwagia maji ya moto.

Sitaki uniombe radhi tena kwa barua. Ulimwahidi mtu kitu. Unakijua, na mahali pake unapajua.

Jesca


Rangwi,
14 Julai 2024

Jesca,

Nilingoja shule zifunguliwe. Ijumaa palikuwa na mkutano wa wazazi, na wanafunzi walikuwepo. Nilimweleza Mwalimu Loyce ninachotaka kusema, akauliza kama nina hakika. Akaniweka baada ya mambo ya uji wa watoto.

Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima. Niliposimama niliikunja karatasi nikasema kwa kichwa. Nilisema jina lako na la Bibi Efrazia. Nilisema siku, nikasema darasa. Nilisema nge mpana alikuwa jike, kwamba Jesca alikuwa sahihi, kwamba bibi yake alileta ushahidi kwa miguu yake, kwamba niliuona na kuuteketeza ili nipate cheo. Sikusema lolote kuhusu wewe na bibi yako pale nje. Hilo si langu la kusema.

Nilidhani watanizomea. Ingekuwa nafuu. Watu wazima walitazama chini, kwa kunihurumia. Mzee mmoja alinong'ona kwamba mwalimu sasa umri umemfikia, mpeni kiti. Nikasema sitaki kiti. Wengine wakaanza kupiga makofi, taratibu, jinsi wanavyopigia mgeni wa heshima aliyemaliza hotuba. Nikawaomba waache.

Kisha msichana mmoja wa darasa la tano, Latifa, akanyoosha mkono. Akauliza, "Kwa nini uliwamwagia na watoto?"

Nikasema kwa sababu niliona aibu.

Akasubiri niendelee. Akakaa.

Zabron ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule siku hizi. Alinifuata nje, akasema jina lile alilibuni yeye na hakujua kwamba bado linamwuma mtu. Aliomba namba yako ya simu. Nimemwambia sitaitoa mpaka wewe uniruhusu.

Kijitabu nimekirudisha kwa Mwalimu Loyce na ukurasa wa nge ulivyoandikwa na wewe, bila jina la mtu, wala langu. Nimemwambia atafute mwingine wa kukimalizia.

Sikuombi jibu.

Alphonce


Mazinde,
4 Agosti 2024

Mwalimu,

Shikamoo.

Zabron mpe namba. Asipige wakati wa kliniki.

Jumamosi iliyopita nilipanda Rangwi na sikupita kwako. Sikuwa tayari, na bado sijajua nitakuwa tayari lini. Nilikwenda kwa mama mdogo Perpetua. Habari ya mkutano ilikuwa imeshamfikia kwa midomo ya watu wengi, kila mmoja na nge wake. Alinipokea uani, ana ungo wa maharage mapajani, akanisogezea kigoda tukawa tunachambua wote.

Nilimwuliza kama alijua Bibi alikwenda wapi usiku ule. Akasema alijua ni Mazinde, si kwa mgonjwa, ila Bibi alimkataza kuniambia. Alitaka nishangae mwenyewe shuleni. Basi nikamwambia na mimi. Nilimwambia nilichosema pale mbele ya ofisi, neno lenyewe, na kwamba Bibi alinisikia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka kwa sauti tangu siku ile. Nilikuwa nimeinamisha uso, naona mikono yake tu.

Mikono haikusimama. Alitoa jiwe moja, akalitupa pembeni. Kisha akasema siku ile Bibi alirudi miguu imevimba, akakaa jikoni, naye akamwuliza kama ameniona shuleni.

"Alisema amekuona," mama mdogo akaniambia. "Alisema ulitaka kumsindikiza, ila mlikuwa mmebanwa na usafi. Akaniambia niwahi kuinjika viazi, kwa sababu mtoto atarudi amechoka."

Nilivikumbuka viazi vile, mwalimu. Nilikula viwili, nikasema nimeshiba.

Tuliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha, akauchukua akaingia ndani kubandika sufuria.

Jesca